Kiti si mali ya mbunge: anayehama arudi kwanza kwa wale waliomtuma

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa muji wa Beni. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika, na kwa wote wa Butembo, Bunia, Goma, Bukavu, Kindu, Kalemie na Lubumbashi ambao wanatuulizaka swali hili hili.

Wandugu, dada zetu, kaka zetu, na ninyi wazazi mliokuja kutusikiliza,

Tunajua hapa kwetu kutoka nyumbani kwenda mkutanoni si kitu kidogo, na kila mtu anaangalia saa kwa sababu anataka jua lisimkute njiani. Kwa hiyo hatutazunguka. Tuna jambo moja tu leo.

Mkutano uliopita tulikuwa tunasema juu ya wabunge wanaohama. Leo yuko upinzani, kesho yuko upande wa serikali, kesho kutwa amerudi, na kila mahali anapoenda anaenda na kiti chake. Motari mmoja akasimama kule nyuma, akasema hivi: "Mimi naendesha moto ya boss. Kila jioni namupelekea versement yake. Siku nitachoka naye, niko huru kuenda kwa boss mwengine, hakuna mutu atanifunga. Lakini moto ninamurudishia. Sasa depite wetu yeye anabadilisha boss na anaenda na moto! Juu ya nini?"

Watu walicheka sana. Lakini tulipofika nyumbani swali lilibaki. Tumelijadili kati yetu, tumegombana hata, na leo tunawaletea jibu letu.

Swali la motari liko na swali lingine ndani yake. Moto ni ya nani? Kama hatujui boss ni nani, hatuwezi kusema mbunge ameiba au hakuiba. Na hapa inchini kuna watu watatu wanaodai ile moto: mbunge mwenyewe, chama chake, na sisi tuliopiga kura. Tuwasikilize mmoja mmoja.

Mbunge anasema kiti ni chake. Na ana karatasi ya kuonyesha. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 101, inasema mbunge anawakilisha taifa, na kwamba kumfunga mbunge kwa amri ya mtu mwingine ni bure, haina nguvu. Maana yake mbunge anapiga kura bungeni kwa dhamiri yake. Hakuna mtu anaruhusiwa kumwambia inua mkono, shusha mkono. Hicho kifungu ni kizuri. Sisi tunakipenda, na mtaona mbele kwa nini.

Chama nacho kinasema kiti ni chake. Nacho kina karatasi, tena ndani ya Katiba ile ile. Kifungu cha 110 kinasema mbunge au seneta anayeacha kwa makusudi chama chake wakati wa mamlaka yake anahesabiwa kuwa ameachilia kiti alichopata kwa njia ya hicho chama. Wengi wetu hatukujua kama hayo maneno yako. Yako. Yameandikwa tangu 2006. Kwa karatasi, Kongo tayari ina sheria dhidi ya vagabondage ya kisiasa.

Na chama kina sababu. Tangu sheria ya uchaguzi ilipobadilishwa mwisho wa 2017, orodha ambayo haifikishi 1% ya kura zote za inchi nzima haipati kiti hata kimoja cha bunge la taifa. Kandida anaweza kupendwa hapa Beni na akakosa kiti kwa sababu muungano wake wa vyama haukupata kura za kutosha kule Kananga, Mbandaka na Matadi. Kinyume chake, mwingine anaingia kwa sababu watu asiowajua, katika miji ambayo hajakanyaga, walijaza mfuko wa muungano wake. Kwa hiyo yule anayesema "nilishinda kwa jina langu mwenyewe" anasema nusu ya ukweli.

Sasa kama sheria iko, mbona wanahama? Hapo njo tunapaswa kukumbuka yaliyotokea mbele ya macho yetu.

Sisi wa Beni tunaijua bei ya kura kuliko wengi. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, inchi nzima ilikuwa inachagua raisi. Hapa kwetu, Butembo na kule Yumbi, tuliambiwa hapana: Ebola na usalama. Mnakumbuka tulifanya nini siku ile. Watu wa muji huu walipanga mistari, wakanawa mikono, wakajitengenezea kura yao wenyewe, kura ambayo walijua haitahesabiwa na mtu yeyote Kinshasa. Kulikuwa na wazee pale, na mama wenye watoto mgongoni. Walitaka tu ionekane kwamba wako. Wabunge tukaja kuwachagua kwa kuchelewa, mwezi wa 3 mwaka 2019, wakati raisi alikuwa ameapishwa tayari.

Lile bunge lilikuwa na viti 500. Muungano wa FCC, wa raisi wa zamani Joseph Kabila, ulikuwa na zaidi ya viti 300. CACH, upande wa raisi mpya Félix Tshisekedi, ulikuwa na karibu 50 tu. Hivyo njo CENI ilivyotangaza. Tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 2020 raisi akatangaza kwamba ndoa na FCC imekwisha na kwamba anatafuta wingi mpya. Siku nne baadaye, tarehe 10, bunge likamwondoa spika wake, Jeanine Mabunda. Tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka 2021, wabunge 367 kati ya 382 waliokuwa ndani wakaiangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Hesabu wenyewe. Muungano uliokuwa na karibu 50 ukawa, ndani ya wiki saba au nane, sehemu ya kundi lenye mamia. Jina likawa Union sacrée.

Katika hizo wiki, ni raia wangapi walipiga kura? Hakuna hata mmoja. Watu walibaki wale wale, viti vile vile, ila bunge likageuka upande mwingine. Na Korti ya Katiba ilipoulizwa, mwezi wa 1 mwaka 2021, ikaegemea uhuru wa mbunge.

Sasa tuseme ukweli wetu pia, maana mkutano ambao unasema makosa ya wengine tu hauna faida. Sisi tulifurahi. Wengi kati yetu tulikuwa tumeandamana miaka na miaka dhidi ya ule utawala wa zamani, tumekula gesi, tumelala cachot. FCC ilipoanguka tulipiga makofi. Hatukuuliza kwa njia gani. Tulisema: shauri yao, walichokipanda njo wanavuna. Hilo lilikuwa kosa. Kwa sababu mlango ambao mtu anapitia kuja upande wako, njo huo huo atapitia kutoka. Sheria nzuri unaidai hata siku ambayo inamzuia mtu wa upande wako.

Na tukaona upesi. Mwezi wa 4 mwaka 2021 wanafunzi wa muji huu waliacha masomo, wakaenda kukaa mbele ya mairie kudai wazazi wao waache kuchinjwa. Watoto! Mwezi ule ule, kule Kinshasa, kazi kubwa ilikuwa kukamilisha wingi mpya: serikali ya Sama Lukonde ilikubaliwa bungeni tarehe 26. Siku chache baadaye tukapewa état de siège, ambayo ilianza tarehe 6 mwezi wa 5 na ikawa inaongezwa kila siku 15. Hatusemi wabunge wote walilala. Kuna waliopiga kelele. Lakini mtu ambaye kiti chake kinategemea upande wa nguvu, sauti yake inakuwa ndogo. Hiyo hauhitaji kusoma chuo kikuu ili uielewe.

Turudi kwa swali. Mbona kifungu cha 110 hakikuwashika?

Kwanza, kwa sababu kinamshika mtu anayeacha chama peke yake. Hakimshiki mkubwa wa chama anayehamisha chama kizima, na mhuri, na bendera, na viti vyote. Inchi hii ina vyama zaidi ya 600. Wewe unajua, sisi tunajua: vingi ni mtu mmoja na mkoba wake. Mwenye mkoba akihama, hakuna aliyeacha chama. Chama njo kimetembea.

Pili, kwa sababu kuhama hakugharimu kitu. Tangu Katiba ilipobadilishwa mwezi wa 1 mwaka 2011, mbunge akiteuliwa waziri kiti chake kinasimamishwa tu, kinamngojea. Wakati huo anakaa suppléant wake, ambaye mara nyingi ni mtu wa jamaa: bibi, mtoto, ndugu. Akitolewa kwenye serikali, anarudi kukaa. Kwa hiyo anahama, anapata wizara, nyumba yake inabaki bungeni, na wizara ikiisha kiti bado kina joto. Motari gani angekataa hiyo?

Tatu, kwa sababu mwenye kupaza sauti ni chama, na chama kinapaza sauti pale tu kinapoumia. Mpiga kura hana mahali pa kubisha hodi.

Basi wengine wanasema: tukaze kamba. Chama kimfukuze mbunge na kiti kirudi kwa chama. Hapana, wandugu. Tuangalie jirani wa karibu kabisa. Ukipita Kasindi uko Uganda. Mwaka 2013 chama kinachotawala kule, NRM, kilifukuza wabunge wake wanne kwa sababu walikuwa wanakipinga. Kikataka na viti vyao vitangazwe viko wazi. Korti moja ikakubali, mwaka 2014. Wabunge wale walihangaika mpaka tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 2015, wakati Korti ya juu iliposema: kuacha chama ni kitu kimoja, kufukuzwa ni kingine, aliyefukuzwa anabaki na kiti chake. Fikirieni kama ingesema kinyume. Kila mbunge angeamka asubuhi akimuuliza mkubwa wa chama: "Leo nifikirie nini?"

Njo maana tulisema tunapenda kifungu cha 101. Mbunge akikataa kupigia kura sheria mbaya ya chama chake, huyo hakuhama. Huyo anafanya kazi tuliyomtuma. Na mbunge akifukuzwa kwa sababu alisema ukweli juu ya mauaji ya kwetu, huyo tunamtetea. Hatutaki kutoa fimbo kwa mkono wa mbunge na kuiweka kwa mkono wa boss wa chama Kinshasa.

Na hapa njo jibu letu kwa yule motari. Ndugu, ulisema vizuri, lakini sehemu moja tunarekebisha. Chama si boss. Chama ni kama parking: mahali ambapo watu wa moto wanajipanga, wanavaa gilet ya rangi moja. Mbunge akibadilisha parking, parking haiwezi kudai moto. Lakini mwenye moto, ambaye ni wewe, ni mama wa soko, ni mlimaji wa kakao wa upande wa Oicha, huyo lazima aulizwe: "Nilikuwa parking ile, sasa nataka kuwa hii. Unaniachia moto ao unaichukua?"

Tunasema ndiyo basi: mbunge anayehama arudi kwenye kura. Lakini ufunguo ukae kwa mpiga kura.

Najua mko na maswali. Sisi pia tulikuwa nayo, na hatutaki kuyaficha.

Swali la kwanza: je, uchaguzi wa kurudia hautakuwa mchezo? Unaweza kuwa. Tanzania, sheria ni kali: ukiacha chama kilichokupeleka bungeni, kiti kinaisha na watu wanapiga kura tena. Hata hivyo mwaka 2017 na 2018 wabunge kadhaa wa upinzani walijiuzulu, wakaingia CCM, na CCM ikawasimamisha tena kwa viti vile vile. Kinondoni na Siha, mwezi wa 2 mwaka 2018, waliohama walitangazwa washindi. Siku moja kabla ya kura, polisi walipokuwa wanatawanya waandamanaji wa upinzani Dar es Salaam, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amekaa ndani ya daladala alipigwa risasi akafa. Kwa hiyo kura ya kurudia peke yake haitoshi. Kama mwenye kuhama anasindikizwa na franga ya serikali, na gari la serikali, na polisi wa serikali, ni kumtia mafuta tu. Lakini angalieni hata hivyo: kule walilazimika kurudi, kusimama mbele ya watu, kujibu maswali. Kwetu hata hiyo hakuna.

Swali la pili: franga zitatoka wapi? Inchi hii inashindwa kulipa walimu vizuri, na sisi tunaomba kura juu ya kura? Tunajibu hivi. Sheria ya namna hii haiko kwa ajili ya kufanya chaguzi mia. Iko kwa ajili ya kumfanya mbunge afikiri mara mbili kabla ya kupanda ndege. Kama anajua kuhama kutamrudisha Beni kuomba kura, wengi hawatahama. Na wale wachache watakaohama wakiwa na sababu ya kweli, watakuja kuieleza, na labda tutawaunga mkono. Gharama kubwa zaidi ni ile tunayolipa leo bila kuiona: tunachagua bunge moja, tunapata lingine.

Swali la tatu ndilo linatuuma. Kura itapigwa wapi? Masisi na Rutshuru hawakupiga kura mwezi wa 12 mwaka 2023, kwa ajili ya vita. Tangu mwanzo wa 2025 Goma na Bukavu ziko mikononi mwa M23. Hapa kwetu kuna vijiji ambavyo watu hawalali tangu mauaji yalipoanza mwezi wa 10 mwaka 2014. Hatutawadanganya kwamba CENI itaweka ofisi ya kura katikati ya risasi. Mahali ambapo kura haiwezekani, haiwezekani. Lakini hapo njo tunataka angalau jambo moja: kiti kisiende kwa mke ao mtoto wa aliyehama. Kama watu hawawezi kuulizwa leo, waulizwe siku ya kwanza ambayo inawezekana, na mpaka siku hiyo aliyehama asichukue kazi ya uwaziri kwa jina la watu ambao hajawauliza.

Sasa, kwa nini tunasema haya leo, na hatungoji 2028?

Kwa sababu ya Katiba. Tangu hotuba ya raisi pale Kisangani, mwezi wa 10 mwaka 2024, mnajua kuna maneno ya kubadilisha Katiba. Kila mmoja ana wazo lake. Lakini someni kifungu cha 218. Kinasema mabadiliko ya Katiba yanaletwa kwa watu kwa referendum, ila kama bunge na seneti wakikaa pamoja na tatu ya tano yao wakikubali, referendum haihitajiki. Mmesikia? Wingi wa wabunge na maseneta unaweza kubadilisha Katiba bila kutuuliza. Na sisi tumeona kwa macho yetu kwamba wingi hapa inchini unaweza kutengenezwa kwa wiki chache, bila kutuuliza. Unganisha hizo mbili. Mara mbili hatuulizwi. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa mamlaka ya raisi, lakini karatasi inalindwa na watu, na watu wenyewe wanahama.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuombi Katiba ifunguliwe ili kuingiza wazo letu. Hapana. Ukifungua mlango usiku ili kumwingiza mgeni wako, hujui ni nani mwingine yuko nje. Tunaomba sheria ya uchaguzi na sheria za ndani za bunge zieleze vizuri maneno ambayo Katiba imekwisha kusema. "Kuacha chama kwa makusudi" ni nini? Kuhamisha chama kizima upande wa pili, si makusudi hayo?

Tunaomba mambo manne, na tunaomba muyashike kichwani:

1. Kila orodha ya wabunge itangaze kwa maandishi, kabla ya kampeni, iko upande gani: na serikali ao upinzani, na ni kandida gani wa uraisi inamuunga mkono. Maandishi hayo yabandikwe kwenye ofisi ya CENI ya kila muji na kila teritware. Hapo hakuna atakayesema "hatukuwa upande wowote".

2. Mbunge, ao chama kizima, kikivuka kutoka upande uliotangazwa kwenda mwingine, wapiga kura wa eneo wawe na haki ya kukusanya sahihi. Sahihi zikifika kiasi kinachowezekana, kura inarudiwa. Uganda waliandika theluthi mbili ya waliojiandikisha katika Katiba yao ya 1995. Hiyo ni kusema haiwezekani. Uingereza, kwa sheria ya 2015, ni 10% ndani ya wiki sita, ingawa kule ni kwa ajili ya mbunge aliyefungwa ao aliyesimamishwa na bunge, si kwa kuhama. Sisi tunaegemea 10%.

3. Kiti cha aliyehama kisirithiwe na suppléant wake. Na mwenyewe akitaka kugombea tena, agombee, ni haki yake. Lakini akiwa ameacha kwanza kazi yoyote ya serikali, na gari lake.

4. Mbunge aliyefukuzwa na chama, ao aliyepiga kura kinyume cha chama chake, asiguswe. Kusema hapana si kuhama.

Mtasema: na hao wabunge watapitisha sheria inayowabana wenyewe? Kwa hiari, hapana. Njo maana hatuondoki hapa na karatasi tu. Kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya Kinshasa.

Kila kartie, wawili ao watatu kati yenu, chukueni daftari. Andikeni majina ya wabunge wa eneo letu, wa taifa na wa jimbo. Pembeni andikeni: alichaguliwa kwa orodha gani, leo yuko wapi, alisema nini wakati wa kampeni, alipiga kura gani. Andikeni yale tu mliyoona ao mliyosikia kwa sauti yake mwenyewe. Uvumi tuwaachie wenye kazi ya uvumi. Akija likizo ya bunge, msimtukane, msimrushie mawe. Mwiteni, mpeni kiti, fungueni daftari, muulizeni. Akikataa kuja, someni daftari mbele ya watu bila yeye. Mwaka 2028, mtu asiingie kwenye ofisi ya kura bila kujua moto yake ilipita wapi.

Na sisi wenyewe tujifunge. Kati yetu wako watakaogombea siku moja, na si vibaya. Tayari kuna wenzetu waliotoka katika harakati za vijana wakaingia vyama, wakaingia ofisi kubwa. Yeyote kati yetu atakayegombea, tunamtaka aandike leo kwa mkono wake: nikihama, nitarudi kuwauliza. Kama tunaona aibu kuandika hiyo, basi tusimdai mwingine.

Mwezi wa 12 mwaka 2018 watu wa muji huu walipiga kura ambayo hakuna aliyeihesabu. Waliofanya vile hawakuwa wajinga. Walikuwa wanasema: sisi njo wenye moto. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kura ambazo zilihesabiwa zisigeuke kuwa kama ile.

Daftari ziko pale mlangoni. Mchukue kabla ya kutoka, na mfike nyumbani salama.

Kura ni yetu. Kiti ni chetu. Anayehama, arudi aulize.